Hatua ya Tano

Kahawa haijapoa, mfalme wangu amekwisha kufa.
Shekuwe, mwana wa fundi saa pale Langoni,
miaka kumi, pengo mbele,
anapangusa mikono kwenye kikoi
kama aliyetoka kuchinja kuku.
"Mati, Ami Famau. Hatua nne."

Nne. Nimezihesabu kwa vidole na gumba limebaki bure.
Kitunda chake kilipiga mbele, changu kikakipokea.
Askofu akapita mshazari, kimya, kama mdai wa deni.
Malkia akatoka mapema vile, buibui hajalifunga,
na mimi nikasogeza kitunda cha pembeni,
kisha kilekile tena,
wallahi sijui kwa nini,
labda kwa kuwa kilikuwa karibu na mkono.

Kilichoniuma si kufa, ni mahali nilipofia.
Kuna kitunda kilipotea zamani,
pake pamewekwa kifuniko cha soda, kina kutu,
hapo ubavuni mwa mfalme, upande wa pili si wa malkia.
Wenzake wana ngome, wana farasi, wana wa kuwalipia kisasi.
Chenyewe kina mfalme tu,
na mfalme akitoka kumlinda askari
nani tena amlinde mfalme?

Siku ya pili nilijiona mjanja.
Malkia aliposimama kule ukingoni nikamrushia farasi:
haya, kimbia!
Hakukimbia. Alikila kifuniko mbele ya macho yangu,
askofu kwa mbali akimshikia mlango.
Shekuwe hakucheka. Bora angalicheka.
"Umemtisha mgeni, Ami," alisema, "mlango hukuufunga."

Usiku nililala chali nikitazama boriti.
Miaka thelathini natia chokaa kuta za Mkomani.
Nimejenga nyumba ambazo mwizi akiingia
hujikuta bado yuko nje:
daka, kisha tekani, na hapo njia hukunja
ili jicho la mpita njia lisifike popote;
kiwanda, msana wa tini, msana wa yuu,
ndipo ndani.
Nani basi alinifundisha
kumkalisha mfalme barazani?

Siku ya tatu nilitoa farasi mmoja mapema,
akilinde kitunda cha kati.
Malkia akaja, kama ada yake.
Sikumtisha. Nilisogeza kitunda hatua moja,
kile jirani yake kifuniko,
jiwe moja tu la tumbawe.
Njia ikakunja.

Akarudi nyuma, akachungulia kwa dirisha jingine,
kifuniko kile kile machoni.
Nikamtoa farasi wa pili, safari hii kwa wakati wake,
akasimama mbele ya kifuniko
kama punda aliyeziba uchochoro, hana haraka, hana habari.

Fundi saa akainua uso, lenzi ingali jichoni.
Shekuwe akanyoosha mkono juu ya ubao.
Akaurudisha.
Akanyoosha tena.
Hatua nne alifundishwa na mkubwa wake shuleni;
hakuna aliyemwambia kuwa iko ya tano.

"Sasa inakuwaje?"

Nikatazama vipande vyangu, kumi na sita vyote,
hadi kile chenye kutu.
"Sijui," nikasema. "Sijawahi kufika huku."
Akahama upande wake, akaja kukaa kwangu,
tukainama.