Nukta kwenye Saa Nne

Amplifaya ya baba ina uzito wa mbuzi aliyenona.
Aliinunua Nairobi, mwaka ule reli ilipolipa malimbikizo,
akashuka nayo stesheni ya Tororo, kaikumbatia
kama mtu aliyeombwa ashike mtoto asiye wake.
Vifundo vya bati. Taa moja, manjano kama kiini cha yai.
Spika mbili za mvule alizochongesha kwa Obbo seremala.
Hatukuruhusiwa kuigusa. Vumbi alifuta yeye,
kwa fulana yake kuukuu, Jumapili, kabla ya kanisa.

Kisha Owor, kaka yangu, akaja toka Kampala
na kasha la sinema ya nyumbani:
risiva, spika tano ndogo kama vipande vya mche wa sabuni,
na sabufa ikaayo pembeni ikinguruma
kama mkwe ambaye hajakaribishwa chakula.
"Hii ya mzee tuiuze chuma chakavu," akasema.
Baba hakujibu. Alivuta kiti chake
mpaka mbele ya amplifaya. Akakalia.

Siku tatu sebule ilikuwa na serikali mbili.

Mimi ndiye ninayelehemu redio za watu sokoni,
Nyafwono, mwenye makovu ya pasi kwenye vidole.
Nikawaambia: ndoa hii inawezekana, ila msikie masharti.
Spika moja haiolewi na amplifaya mbili;
ukifunga nyaya za wote wawili mgongoni mwake
utasikia harufu kabla hujasikia sauti.
Lakini nyuma ya risiva, chini, mna matundu
yatoayo sauti changa, isiyotiwa nguvu bado.
Hiyo nitaichukua kwa nyaya mbili, nyekundu na nyeupe,
niipeleke kwa mzee, kwenye tundu la ziada
ambalo tangu Nairobi halijapata mgeni.
Kushoto na kulia kwa mbele abebe mzee.
Katikati, nyuma, na ngurumo, abebe kijana.
Na kwenye filamu kifundo cha mzee kisimame saa nne.
Nikatia nukta pale, ya rangi ya kucha.
Rimoti ya Owor ndiyo ipande na kushuka,
mzee asimame palepale.

"Kwa hiyo mimi ni nguzo," baba akasema.
"Nguzo, baba."
Akafikiri. "Nguzo hailipwi. Lakini haifukuzwi."

Tulipowasha: mvumo. Nyuki ndani ya kibuyu.
Owor akanitazama kama niliyevunja sahani.
Nikatambaa nyuma ya kabati, tochi mdomoni,
nikakuta kila mmoja ana soketi yake, ukuta wake, ardhi yake.
Nikawachomeka kwenye ubao mmoja.
Kimya kikaja, kizito, kama mtu anavuta pumzi aseme.

Filamu ya kwanza ilikuwa na mvua.
Ilianzia nyuma yetu, kulia, juu ya bati lisilokuwepo,
na shangazi Nyaburu akatoka mbio uani
kuanua mtama wake juani.
Tulicheka hadi umeme ukakatika.

Umeme ulirudi saa nane za usiku.
Kilichoniamsha ni ule umanjano chini ya mlango.
Baba alikuwa peke yake, risiva kaizima,
santuri ya kwaya ya kota za reli inazunguka,
ile ambayo mama yumo, safu ya pili,
na kwenye jalada uso wake umefunikwa na bega la mtu.
Spika mbili tu. Kushoto. Kulia.
Na pale katikati, ukutani, pasipo kitu
ila kalenda ya kiwanda cha saruji,
palikuwa na mwanamke anaimba.
Baba alikuwa amesogeza kiti, inchi kwa inchi,
mpaka akampata. Hakugeuka.
"Owor," akasema, "hapo ameweka spika."

Asubuhi nikakuta kifundo kiko saa mbili,
sauti ya mtu asiyetaka kuamsha nyumba.
Nikakirudisha kwenye nukta.
Owor akauliza kiti kimehamishwa na nani.
Nikamwambia kiache.