Sifuri ya Aulikki

Kuopio, Desemba. Jua linaamka saa nne kasorobo,
saa tisa alasiri limeshachoka na watu.
Katika chumba cha nyuma, chini ya rafu ya magazeti,
kompyuta ya Aulikki inavuma, leo siku ya thelathini na nane,
na juu yake, kwa joto la hesabu,
zinakauka soksi zangu na glovu zake.

Alipanga barua posta miaka thelathini na moja.
Siku hizi anapanga namba: ipi inapasuka, ipi inagoma.

"Chukua mbili," ananiambia, akimenya viazi,
"izidishe kwa mbili, tena, tena, mara milioni nyingi,
kisha ipunguze moja.
Ukiiandika kwa lugha ya mashine
ni moja, moja, moja tupu,
uzio wa fito kutoka dirishani hadi ng'ambo ya ziwa,
bila pengo la sifuri."

Ila uzio mzuri si ushahidi.
Elfu mbili na arobaini na saba nayo ni moja tupu,
kumi na moja zimesimama wima,
na bado ishirini na tatu huigawa
mara themanini na tisa, haibakizi punje.

Basi kuna mtihani. Nyuma ya bahasha, kwa penseli,
anaifanyia thelathini na moja:
anza na nne. Izidishe kwa yenyewe, toa mbili,
gawa, shika baki.
Kumi na nne.
Nane.
Halafu anaisukuma bahasha kwangu
kama mtu anayefunua karata:
sifuri.

Namba nzima ni moja tupu,
na shahidi wake pekee ni sifuri.

Kwao inaitwa namba ya mwanzo.
Nilipomwambia sisi twaiita tasa
aliweka kisu mezani.
Ukutani kwake kuna picha za mbwa watatu, kwa zamu,
na za marehemu Tauno. Basi.
"Nani kawadanganya? Tatu na saba zikikutana,
ishirini na moja imetoka wapi?
Hizi hazikukosa watoto, kijana.
Zimekosa wazazi."
Akarudi kwenye viazi. Nami nikanyamaza,
lugha yangu imenikaa kinywani kama mfupa wa samaki.

Usiku wa Alhamisi mvumo ulikoma.
Kwenye skrini, baki: herufi na tarakimu kumi na sita,
msururu wa fujo. Si sifuri.
Uzio una mlango mahali fulani,
na mtihani hausemi ni wapi.

"Ina wazazi," alisema, "ila hawajulikani."
Akaikata kwa mstari mmoja daftarini,
mstari ulionyooka wa mtu wa posta
anayerudisha barua isiyo na anwani,
akachagua nyingine, ndefu zaidi,
akabonyeza.

Nilipotaka kuchukua soksi alinizuia mkono.
Ziache, alisema. Bado zina unyevu.