Kabati la Kibokoni

Ukuta wa Bi Barke umepinda,
timazi haioni haya kusema:
juu wajitokeza inchi na robo,
chini warudi ndani
kama mtu aliyemeza neno.

Shee ataka tupige plasta, tuunyooshe.
Nyumba hii, namwambia, imezika mafundi watatu;
ubao ndio utakaoinama.

Penseli juu ya kibao,
naufuata ukuta tumbo kwa tumbo, shimo kwa shimo,
kisha mvule, msumeno mwembamba,
randa, jaribu, toa, randa tena,
unga wa mbao hadi ndani ya chai.

Alasiri tukalisukuma kabati.
Likaingia likishusha pumzi.
Bi Barke akachomeka ankara yangu kwenye mwanya:
haikupenya.

"Basi," akasema, akinirudishia,
"pesa Ijumaa."