Lifti ya Pili

Chumba chetu cha usaili hakina dirisha.
Kina ubao mweupe na kalamu tatu, mbili zimekauka.
Uliingia na chupa ya chai kwapani
kama waingiavyo watu wa Montevideo popote,
benki, hospitali, hata mazishini.
Nelson Etchegaray, miaka arobaini na tisa.
Fundi wa lifti, miaka ishirini na miwili;
kisha kozi ya usiku, miezi kumi na minne.
Shati lako lilipigwa pasi mbele tu.

Nikakuuliza swali letu la siku zote:
mnyororo mrefu, kila pete imemshika mwenzake mkono;
utajuaje kama umejizungusha,
kama mwisho umerudi kuuma katikati?

Jibu lake ni la kobe na sungura.
Waachie njia moja, huyu hatua moja, yule mbili.
Njia ikiwa duara, sungura atamfikia kobe kwa nyuma.
Jibu tamu. Hakuna anayelizaa mwenyewe
kwa dakika ishirini, huku akitazamwa.

Ukashika kalamu. Ukaiweka.
"Samahani, hili nalijua.
Niliulizwa Jumanne, kampuni nyingine.
Nikashindwa, nikaenda nyumbani kulisoma.
Nipe jingine."

Sasa niseme asilolijua Facundo, bosi wangu.
Miaka sita nyuma nilisimama uliposimama.
Swali lilikuwa hilohilo, na nilikuwa nimelikariri
usiku wa kuamkia, jikoni, mara nane.
Nikakunja uso. Nikasema, "Hebu nifikiri."
Nikakosea mstari mmoja makusudi, nikaufuta,
ili akili yangu ionekane inatoka jasho.
Wakaandika: anafikiri kwa sauti.
Sifa hiyo ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba.

Basi nikakutungia jipya, papo hapo:
jengo la ghorofa kumi na moja, lifti mbili;
andika programu iamue ipi iende wapi.

Ukacheka. Mara ya kwanza.
"Watu," ukasema, "hubonyeza vitufe vyote viwili,
cha juu na cha chini, hata wanaposhuka.
Usiwahesabie kosa. Wanaomba.
Halafu pale ghorofa ya nne, sijui kwa nini ni ya nne,
daima yupo aliyebonyeza, akachoka, akashika ngazi.
Na lifti tupu ilale wapi? Wengi husema chini.
Asubuhi, sawa.
Jioni unawakosea adabu walio juu."

Nilisahau kutazama saa.
Ulipogeukia ubao zilibaki dakika sita:
mistari tisa, mabano yasiyofungwa,
kitanzi kisichojua pa kusimama.
Muda ukaisha.
Ukafuta ubao bila kuambiwa,
ukauliza kalamu kavu zitupwe wapi.

Kasi: mbili kwa tano.
Usahihi: moja.
Facundo akachungulia mlangoni,
"Msimbo umekimbia?"
"Haukukimbia."
"Basi?"

Basi nikaweka alama kwenye Ndiyo,
nikakandamiza hadi karatasi ya chini ikachubuka.
Kesho kuna kikao. Wao wanne, mimi mmoja.
Wataniuliza nimeona nini kwako,
na ili nijibu sawasawa
itanibidi nianze na ile jikoni yangu.
Sijui kama nitaanza huko.
Nina mtoto. Nina mkataba wa mwaka hadi mwaka.

Saa kumi na moja nikafunga kompyuta.
Pale kwenye lifti, ghorofa ya saba,
nilikuta kidole changu kimeshabonyeza
cha chini, na cha juu.

Ikachelewa. Ikaja tupu kutoka chini kabisa.
Ghorofa ya nne ikasimama, milango ikafunguka.
Hakuna mtu.
Taa ya kitufe ilikuwa bado inawaka,
na mbali kidogo, kwenye ngazi,
viatu vya mtu vinashuka.