Kitabu Nilichokiosha

Miaka ishirini na sita naosha utumbo Igoma,
saa kumi alfajiri, maji ya beseni yakiuma vidole.
Taulo nalikwangua kwa kisu butu,
kitabu nakifunua ukurasa kwa ukurasa,
nyasi za Kwimba bado zimo, zimetafunwa nusu,
na sijawahi kusoma hata mstari mmoja.

Mwaka jana mguu wa kushoto ukaanza kunyamaza.
Kaa la moto liliangukia kidole:
nilisikia harufu kwanza.

Kilimani Bugando, daktari Nyanzobe,
binti mdogo, kalamu sikioni kama seremala,
aliushika mguu wangu kwa vidole viwili,
akatafuta mapigo kama mtu apapasaye sarafu gizani.
"Yapo," akasema, "ila yanasitasita."
Akageuza kadi yangu ya kliniki, akachora utumbo.
Nikacheka. Utumbo, mwanangu, unanichorea mimi?

"Mama Limi, huu si bomba tu.
Ukimeza tonge, kuta zake hutoa mjumbe, homoni,
huingia kwenye damu bila hodi,
hulikimbilia kongosho: wageni njiani, toa insulini.
Tumbo huliambia: usiharakishe kumwaga.
Ubongo huuambia: imetosha, nawa mikono.
Na akipita mishipani huzilainisha kuta
zitanuke, damu ipite."

"Hukaa muda gani huyo mjumbe?"
"Dakika mbili hivi. Kisha anakatwa."

Dakika mbili. Hata chai haijapoa.

Kwangu mimi, kasema, mjumbe anabisha
na kongosho linafungua mlango nusu.
Sukari inazagaa damuni kama watu waliokosa pa kulala,
inakwaruza kuta, mafuta yananasa palipokwaruzwa,
mshipa unakuwa Mirongo
siku mvua inaposhusha taka zote za mjini.

Nikamkumbuka dada yangu Kabula,
aliyezikwa Misungwi na mguu mmoja.
Ule mwingine sijui waliupeleka wapi.
Tulisema karogwa. Tukamtaja jirani.
Jirani alihama usiku, na watoto, na kuku wake watatu.

Ipo sindano, daktari akasema, inayomwigiza mjumbe,
hudumu wiki nzima. Bei akaitaja kwa sauti ya chini,
kama mtu anayetaja jina la marehemu.
Nikahesabu masufuria ya supu, nikaishia katikati.
Basi vidonge. Kutembea. Mboga kabla ya ugali.
Michembe kwa kipimo, mimi niliyelelewa na michembe.

Alfajiri hii maji yanauma vidole vilevile.
Nimekifunua kitabu. Ukurasa wa kwanza, nyasi.
Wa pili, nyasi.
Nimeinamisha sikio, nikijua ni upuuzi,
ng'ombe kachinjwa tangu saa tisa.
Holo wa meza ya pili ananiuliza,
"Unamsikiliza nani?"

Nyamaza kidogo, Holo.
Huyu haongei muda mrefu.