Mawimbi ya Kati

Shilinde, utingo wangu, ana flashi ndogo kama punje ya hindi.
Ndani yake, anasema, kuna nyimbo elfu mbili.
Anaichomeka Tabora alfajiri, mimi bado nanawa uso,
na hadi tunashusha mzigo Kigoma
haijakohoa hata mara moja.

Hilo ndilo linalonisumbua.

Zamani redio ilikohoa.
Lori la Fiati, redio imefungwa kwa mpira wa tyubu,
antena ni njiti ya mwavuli.
Nilijua nilipo kuliko kwa vibao vya barabarani:
mtangazaji akianza kumeza silabi, hapo ni Urambo,
mabani ya tumbaku yanafuka;
akibaki pumzi tupu, Kaliua imeshapita,
pandisha vioo, mbung'o hawabishi hodi.
Kisha miombo, na miombo, na mimi, na shhh.

Halafu ng'ambo ya Malagarasi, saa tano usiku,
kituo cha upande wa pili wa ziwa kinaibuka
kama mtu atokaye majini, kinatema maji, kinasema.
Kifaransa sijui. Kirundi nadokoadokoa.
Lakini gitaa halitaki mkalimani.
Roki! Linalia kama bati linachanwa,
ngoma zinapigwa na mtu aliyekosana na ngoma,
na mimi nina miaka ishirini na sita, tani saba za mbao mgongoni,
mguu wa kushoto unakanyaga klachi
kwa mapigo yasiyohusu gia.

Kituo kile hakipo. Wapo wasemao mlingoti ulianguka,
wapo wasemao ulikatwakatwa ukauzwa chuma chakavu.
Mahali pake amekaa mhubiri,
na mhubiri akichoka, tangazo la mikopo.

"Mzee Songoro, zilipendwa zako si zimo humu?
Taja jina tu."
Jina? Nani alikwambia tulijua majina?
Wimbo ulipanda katikati ya safari, ukashuka kabla ya mwisho,
kama abiria wa lifti.

Lile ambalo sijamwambia ni hili.
Mwaka ule sukari ikipimwa kwa kijiko
Mwavita alinunua kadi ya salamu, akaandika, akaipeleka posta.
Jumamosi, Ujiji nzima ikasikia:
"Zimfikie Bilali Songoro, dereva, popote pale alipo."
Popote pale nilipokuwa ni mteremko wa Uvinza,
vilima vimeziba masikio ya redio,
nasikia mchanga unaokaangwa.

Nikafika nyumbani watu wananichekea.
Fundi baiskeli akasema ujumbe ulikuwa: usilete chumvi, jilete.
Shangazi yake akasema hapana, ulihusu komeo la mlango.
Muuza migebuka alikataa katakata kuutaja mbele ya watoto.
Nikamuuliza mwenyewe. Akageuza chapati.
"Nimeshasema redioni."

Miaka thelathini na moja nilimuuliza,
mara kwa hasira, mara kwa kitenge,
na mara ya mwisho, hospitali ya Maweni, kwa kumshika mkono tu.
Alicheka kwa macho.

Kwa hiyo tukiufika mteremko ule nachomoa flashi.
Nazungusha taratibu, mawimbi ya kati, ncha hadi ncha:
mkwaruzo, mluzi, sauti ya mbali inayosoma bei za mahindi,
mkwaruzo.
Najua neno halikai angani miaka yote hiyo.
Najua. Mimi si mtoto.

Shilinde siku za mwanzo aliuliza natafuta nini,
nikamwambia taarifa ya habari.
Leo, lori likinguruma kwa gia ya pili,
hakuuliza. Alipandisha kioo cha upande wake,
polepole,
upepo usiingie.