Mguu wa Kushoto

Jumapili, saa moja na robo, jua halijawa na hasira,
Mhoja anafagia barabara.
Si yote. Hatua thelathini tu, mistari miwili,
upana wa taili, kwa fagio la chelewa la uani:
changarawe, kinyesi cha mbuzi, kizibo cha soda,
mchanga uliomwagwa na malori ya mkandarasi
aliyetuachia kipande hiki njia ya Sikonge
akahama na vyuma vyake.
"Hapa bado," anasema,
anapapasa lami kwa kiganja
kama anayetafuta homa kwenye paji la mtoto.

Mark Two yangu ina rangi mbili na mlango wa gari jingine.
Giaboksi ya mkono ilikuja na treni kutoka Dar,
ndani ya gunia la mkaa, imeandikwa VYOMBO.
Karani wa mizigo alijaribu kuinyanyua, akanitazama:
"Dada, kwenu mnapikia sufuria gani?"

Natoa upepo taili za nyuma. Ishirini na nne. Ishirini.
Kumi na nane. Mhoja anainua kidole: basi.
Taili ikilegea kidogo inakumbatia.
Ikijaa kifua inateleza na kiburi chake.

Mashala wa Kahama kaja na Chaser nyeusi,
watu watatu wa kumpiga picha,
na taili mpya ambazo bado zina vinyweleo.
Anazichoma pale ambapo hatujafagia.
Moshi mzuri, watoto wanashangilia,
lakini kakanyaga mchanga. Kajipaka unga nyayoni
na sasa anataka kupanda ukuta.

Mguu wangu wa kushoto ulisomea kwingine.
Miaka minne, Fuso la tumbaku, Ulyankulu hadi mjini,
masika, tani saba mgongoni, kilima mbele.
Hapo ukiachia klachi kwa pupa
unalichimbia lori kaburi,
unalala porini na mbu na marobota.
Bosi Kapuya alikuwa na neno moja tu la kufundishia:
"Ing'ate."
Yaani subiri klachi ing'ate.
Usiitupe. Isikilize ikianza kushika,
pale pedali inapotetema chini ya unyayo,
unene wa sarafu
kati ya gari lililosimama na gari lililokwenda.

Kuzimikiwa ni aibu.
Kusaga taili pale pale ni aibu yenye makelele.

Kitambaa cha mgahawa kinashikwa juu.
Mshale wangu: elfu mbili na mia tano.
Wa Mashala sijui. Masikio yanasema elfu sita.

Kinaanguka.

Mashala anaitupa klachi yote.
Nyuma ya Chaser inaruka, inaruka, inaruka,
mbuzi kafungwa kamba fupi,
kisha mlio mmoja mkavu, kama muwa.
Ekseli.

Sikuona. Niliambiwa baadaye.
Mimi nilikuwa ndani ya unene wa sarafu,
kushoto kunapanda, kulia kunashuka,
kama anayemimina asali toka debe kwenda chupa
bila mrija wala haraka.
Nyuma ikainama, ikakaa.
Taili hazikulia. Ziliguna,
na lami mbovu ya Tabora, ile ile ya mashimo na lawama,
ikanisukuma mgongoni kama mama anayekutuma dukani.
Ya pili mapema, kabla injini haijaomba.
Ya tatu.
Nguzo ya umeme. Nguzo. Nguzo.

Niliporudi polepole
watu wote walikuwa wameinama kwenye Chaser,
wanagusa mafuta ya difu kwa vidole, wanayanusa.
Aliyeshika saa sasa alishika jeki.
Muda wangu haupo popote.
Picha zote ni za ekseli.

Mhoja peke yake bado yuko mstarini,
fagio begani, macho chini.
"Njoo uone."
Alama mbili nyeusi, fupi, urefu wa mkeka,
hazikukatika mahali.
Tukasimama tukizitazama,
hatukusema kitu,
mpaka lori la mkaa likapiga honi, tukalipisha,
likapita juu yake.